Ghafla ni jambo moja, kupindukia ni jingine: kuchagua maneno ya Kiingereza yanayoeleza mabadiliko

Msomaji wa Tanga, ambaye ni karani katika ofisi ya chama cha ushirika cha wakulima wadogo wa mkonge, anaandaa ripoti ya mwaka kwa Kiingereza kwa ajili ya mnunuzi wa singa, yaani nyuzi za mkonge, aliye ng'ambo, na ameniletea sentensi nne zilizozua mabishano ofisini kwao. Ya kwanza inasema “Farmers' attitude to sisal has done a 360”. Ya pili, “Prices dropped drastically overnight”. Ya tatu, “All of a sudden the transporter made a U-turn on the agreed rate”. Na ya nne, “This is a sea change for our members”. Mwenyekiti wake anazipenda zote kwa sababu zina uzito, mhasibu anataka “dramatically” mahali pa “drastically”, naye mwenyewe anauliza: “Mwalimu, si zote zina maana ya kubadilika ghafla? Nikichukua yoyote nitakuwa nimekosea wapi?”

Ndugu yangu, kisarufi sentensi zako hazina kasoro, na ndiyo maana mabishano yenu hayakwisha: kila mmoja alikuwa akitafuta kosa mahali ambapo halipo. Maneno uliyoyatumia yanajibu maswali mbalimbali. Yapo yanayoeleza badiliko lilichukua muda gani, yapo yanayoeleza lilikuwa kubwa kiasi gani au liligusa hadi wapi, yapo yanayoeleza kitu kilielekea upande gani, na yapo ambayo, pamoja na hayo yote, humtupia mtu lawama. Sisi tukisema kwamba bei imeporomoka, tumekwisha kutaja kasi na ukubwa kwa kitenzi kimoja, na msikilizaji hahitaji zaidi. Mnunuzi anayesoma ripoti yako huku mkataba uko mezani kwake atasoma kwa jicho jingine. Ukimwambia “overnight” atataka kujua ni usiku upi, na ukimwambia “drastically” atataka kujua ni nani aliyeumia.

Nianze na hizo nyuzi (digrii) 360, kwa kuwa ndizo zitakazochekesha watu. Mtu aliyesimama ufukweni Raskazone, Tanga, akiitazama bahari, akijizungusha nyuzi 360 ataishia kuitazama bahari ileile. Ukisema kwamba wakulima wamefanya “a 360”, umesema kwamba baada ya pilikapilika zote msimamo wao umebaki ule wa zamani. Kama ulikusudia kusema wamegeuka kabisa, ulihitaji nusu ya duara, yaani “a 180”. Wenye Kiingereza chao nao huteleza hapa, hasa katika mazungumzo, na wenzao huwaelewa bila shida. Ila wapo wasomaji ambao kuteleza huko huwafurahisha mno, na huwezi kujua kama mnunuzi wako ni mmoja wao.

Hata “do a 180” yenyewe ni lugha ya mazungumzo, na asili yake ni Marekani. Katika maandishi rasmi Mwingereza angechagua “about-turn” na Mmarekani “about-face”, na yote mawili yametoka kwenye gwaride, aliyepitia mgambo au JKT anaijua amri hiyo kwa Kiswahili, “Nyuma, geuka!” Asili hiyo inakuonyesha mipaka ya matumizi yake. Anayegeuka kwa amri ya namna hiyo hugeuka mara moja, kikamilifu, na kwa makusudi, kwa hiyo semi hizo huwafaa watu na taasisi zinazoamua: wizara, bodi, kampuni, mkutano mkuu wa wanachama. Bei haina visigino vya kugeukia, na mvua vilevile.

Lakini kabla hujaifuta sentensi hiyo, fikiri ripoti yako inasimulia muda gani. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na miche 62 iliyonusurika safari ndefu ya meli ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za singa. Kisha nyuzi za plastiki ziliteka soko la kamba, mashamba mengi yalitaifishwa na baadaye yakadorora, na mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umebaki kama tani 20,000; ndipo polepole zao hilo likaanza kurudiwa, safari hii wakulima wadogo wakiwemo. Ikiwa unasimulia safari hiyo yote, ya zao lililothaminiwa, likatelekezwa na kurudiwa, basi duara zima ndilo unalolihitaji, na Kiingereza kina usemi wake, “come full circle”, ambao hauna haraka yoyote ndani yake na unaweza kubeba karne nzima. Ikiwa unasimulia misimu mitatu tu ya wanachama wako, usemi huo ni mkubwa kuliko habari yenyewe.

Sasa nije kwenye ubishi wa mhasibu, ambao ndio mzito kuliko yote, kwa sababu “drastic”, “dramatic” na “radical” hutafsiriwa kwetu kwa neno lilelile la “kubwa” na tofauti zake kupotelea njiani.

“Drastic” lina asili ya Kigiriki, katika neno lenye maana ya kutenda, na lilipoingia katika Kiingereza lilitumiwa na matabibu kwa dawa kali za kuharisha, kali kuliko sanamaki ya bibi zetu. Harufu ya dawa hiyo haijalitoka hadi leo. Huambatana kwa urahisi na hatua ngumu ambazo mtu huchukua akijua zitauma, na ndiyo maana utalikuta mara kwa mara katika “drastic measures”, “drastic action” na “drastic cuts”. Huweza pia kueleza jambo lililotokea lenyewe, kama bei kushuka, nawe hukukosea kulitumia hapo. Ila ujue kwamba umeongeza habari ya maumivu. Kwa sababu hiyohiyo, msomaji makini atasita akikuta “prices improved drastically”, kwani hakuna anayeugulia bei nzuri.

“Dramatic” limetoka kwenye jukwaa la maigizo, na kinachotakiwa hapo ni mtazamaji. Badiliko ni “dramatic” pale linapoonekana wazi, linaposhangaza, linapomfanya mtu anyanyue macho kwenye karatasi. Halichagui upande: mavuno yanaweza kupanda “dramatically” na yanaweza kushuka “dramatically”. Mara nyingi hubeba pia dokezo la kasi, kwa sababu jambo linalotokea polepole mno halimshtui mtu, ingawa grafu ya miaka ishirini iliyofinywa katika ukurasa mmoja inaweza kuitwa hivyo, kwa kuwa msomaji anaiona yote kwa pamoja.

“Radical” lina mizizi, tena kwa maana halisi, kwa kuwa limetokana na neno la Kilatini la mzizi. Badiliko la namna hiyo huufikia msingi wa kitu, na kasi yake si hoja. Chukua chama chako. Kikipunguza nusu ya vibarua wa korona, yaani mtambo wa kuchakata mkonge, kwa siku moja ili kisifilisike, hatua hiyo ni “drastic”. Mavuno ya ekari yakiongezeka maradufu kwa msimu mmoja, ongezeko hilo ni “dramatic”. Na chama kikiacha kuuza singa na kuanza kusokota na kuuza kamba chenyewe, hata kama mpango huo utachukua miaka mitano, hilo ni “radical”. Ukibadilishana maneno hayo matatu katika mifano hii, hakuna sentensi itakayovunjika, lakini kila moja itaanza kusema uongo kidogo.

Mhasibu, basi, ana haki ikiwa ripoti inaeleza tu kilichoonekana sokoni. Wewe una haki ikiwa mnataka mnunuzi ajue kwamba wanachama waliumia. Maoni yangu ni kwamba mahali hapo pasikae lolote kati ya mawili hayo. Katika habari za bei, waandishi wa uchumi huona “sharply” linatosha, kwa sababu humwonyesha msomaji mteremko mkali wa mstari wa grafu bila kumwambia ahisi nini.

Kuhusu “overnight”, tatizo lake ni kwamba lina maana ya kawaida kabisa ya usiku mmoja. Ukisema mtu amekuwa tajiri “overnight”, kila mtu anajua unatia chumvi. Lakini katika taarifa za masoko neno hilo hutumika kwa maana yake halisi, la bei zilizobadilika kati ya soko kufungwa jioni na kufunguliwa asubuhi. Mnunuzi wa bidhaa atalisoma hivyo. Kama bei ilishuka kwa wiki mbili, andika wiki mbili.

Ukitaka kupunguza vielezi, tafuta kitenzi, maana Kiingereza kina utajiri wa vitenzi vya kupanda na kushuka na kila kimoja kina tabia yake. “Plummet” asili yake ni kipande cha risasi kinachofungwa kwenye kamba, ndiyo chubwi ya mvuvi wa mshipi: hushuka moja kwa moja, kwa kasi, bila kusimama njiani, na bei inayopungua kidogo kidogo kwa miezi minane haistahili kitenzi hicho. “Slump” ni kuanguka na kubaki chini kwa muda. “Dip” ni kushuka kidogo na kuinuka tena. “Slide” ni kuteleza taratibu bila kupata pa kushika. “Collapse” ni kuanguka kwa kitu hadi kisiweze kufanya kazi yake. Kwa upande wa kupanda, tofauti inayowaponyoka wengi ni kati ya “soar” na “spike”. Kilicho “soar” kimepaa, na huenda bado kiko juu. Kilicho “spike” kimechomoza kama ncha na kwa kawaida kimekwisha kushuka. Ukimwandikia mnunuzi kwamba bei ya dizeli ya kuendeshea korona “spiked”, ataamini kwamba imerudi ilipokuwa, na hatakuelewa ukimwomba aongeze malipo kwa sababu hiyo.

Hapohapo angalia kihusishi, kwa kuwa ndicho kinachoweza kuwagharimu fedha. “Fell by 40 per cent” ina maana kwamba kati ya sehemu 100 zimepungua 40 na zimebaki 60. “Fell to 40 per cent” ina maana kwamba zimebaki 40. Kiswahili kinatenganisha vilevile, kwa “kwa asilimia” na “hadi asilimia”, lakini katika haraka ya kutafsiri herufi mbili hubadilika na hakuna anayeziona hadi siku ya hesabu.

Sentensi ya tatu ina mambo mawili. “All of a sudden” ni usemi wa kusimulia hadithi, na katika ripoti “suddenly” linatosha. Lakini sidhani kama ghafla ndiyo malalamiko yenu. Malalamiko yenu ni kwamba mwenye malori hakutoa taarifa, na hilo kwa Kiingereza ni “without notice”, maneno ambayo yana uzito hata mbele ya mwanasheria. “Abruptly” lingefaa kama jambo lingekatika katikati, kwa sababu asili yake ya Kilatini ni kuvunjika: mashine iliyokuwa ikisaga majani ya mkonge ikazimika kwa kishindo imesimama “abruptly”, na mgeni aliyeondoka kikaoni bila kuaga ameondoka “abruptly”. “Out of the blue” nalo limetoka kwenye radi inayopiga mbingu zikiwa buluu, bila wingu, na linaeleza kutotarajiwa. Barua inaweza kufika “out of the blue” hata kama iliandikwa kwa utulivu na ikachukua mwezi njiani.

Kuhusu “U-turn”, Waingereza wanaipenda mno katika siasa, na siku zote ina ladha ya kumsuta mtu. Mwaka 1980, katika mkutano wa chama chake mjini Brighton, Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, aliyekuwa akishinikizwa abadili sera zake za uchumi, aliwaambia wajumbe “You turn if you want to. The lady's not for turning”, akicheza na mlio wa herufi U na neno “you”, na tangu hapo imekuwa vigumu zaidi kwa kiongozi wa Uingereza kubadili msimamo bila magazeti kumpiga kwa neno hilo. Wamarekani wana “flip-flop”, ambayo Waingereza na Wamarekani pia huitumia kwa kandambili za mpira, nayo humlenga mtu anayegeuka na kugeuka tena. Mgombea urais wa Marekani John Kerry aliandamwa nayo sana katika uchaguzi wa mwaka 2004. Australia wana “backflip”, yaani kupiga sarakasi ya kinyumenyume. Maneno yote hayo yanamhitaji mtu aliyetangaza msimamo hadharani. Mwenye malori hakutangaza msimamo wowote. Alikubaliana nanyi bei kisha akaivunja, na kitendo hicho ni “went back on the agreed rate”. Kama hamtaki kugombana naye kupitia ripoti itakayosomwa ng'ambo, andikeni tu kwamba alipandisha bei.

Nimeiacha “sea change” mwisho kwa sababu inawapoteza watu wa pwani kuliko watu wa bara. Sisi tunaijua bahari inavyobadilika. Nahodha wa jahazi anajua kwamba kaskazi ikiisha na kusi kuanza kupiga, njia, mizigo na hata siku za kuondoka hubadilika, na anayesafiri kwenda Pemba katika wakati usiofaa atakiona cha mtema kuni. Kwa hiyo msomaji wa Tanga akikuta maneno hayo hudhani ameyaelewa: bahari iliyokuwa shwari imechafuka. Asili yake ni nyingine kabisa. Katika tamthilia ya Shakespeare iitwayo The Tempest, pepo Ariel anamwimbia mwana wa mfalme, Ferdinand, kwamba baba yake amezama pima tano chini ya maji, mifupa yake imekuwa marijani na macho yake yamekuwa lulu, na kwamba hakuna kiungo chake ambacho hakikugeuzwa na bahari kuwa kitu cha thamani na cha ajabu. (Baba mwenyewe, kwa kweli, yu hai; Ariel anajua hilo.) Bahari hapo haijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kile kilichomo ndani yake, kiungo baada ya kiungo, hadi kikawa kitu kingine.

Ndiyo maana waandishi makini huitumia “sea change” kwa badiliko lililoenea na kuzama, hasa la fikra na mtazamo wa watu wengi, na ndiyo maana “a sudden sea change”, ijapokuwa huonekana magazetini, husikika kama maneno mawili yanayovutana. Angalia pia kwamba hufuatwa na “in”, kikifuata kile kilichobadilika: “a sea change in attitudes”. Wewe uliandika “for our members”, na msomaji atabaki akiuliza nini cha wanachama kilichobadilika. Ukisoma tena sentensi zako utaona kwamba usemi ulioupachika katika ya nne ndio uliostahili kukaa katika ya kwanza, ambako unazungumzia mtazamo wa wakulima kuhusu zao. Kama katika ya nne ulikuwa na maana ya kipato kuruka kutoka kiwango kimoja hadi kingine kwa mkupuo, Waingereza wa maofisini wangeandika “a step change in members' income”. Mimi siupendi usemi huo, umechakazwa na washauri wa miradi, ila angalau unaeleza jambo lenyewe.

Uliniuliza pia kwa kifupi kuhusu “from one extreme to the other” kwa habari za mvua, na kuhusu “turned upside down”. Wa kwanza unafaa kama vuli ilikosekana kabisa kisha masika yakaleta mafuriko, kwa sababu unadai pande zote mbili ziwe za kupindukia. Usiutumie kwa hali mbaya iliyogeuka kuwa nzuri. Wa pili ni vurugu, kichwa chini miguu juu, nao huwapata watu, nyumba na maisha. Hoja au utaratibu uliogeuzwa ukawa kinyume chake hauko “upside down”. Umekuwa “turned on its head”.

Kwa ripoti yako, basi, ningeandika hivi. Ya kwanza: “There has been a sea change in farmers' attitudes: many who had abandoned sisal are planting it again.” Ya pili: “Prices fell sharply, by 40 per cent in two weeks.” Ya tatu: “The transporter raised the agreed rate without notice.” Ya nne ifute, mpaka mhasibu akupe kipato cha wanachama cha mwaka jana na cha mwaka huu, kisha uandike tarakimu hizo mbili bila kivumishi. Asilimia na wiki nilizoweka katika ya pili ni za mfano tu. Weka zile zilizomo katika vitabu vyenu, na kama vitabu vinaonyesha kwamba bei ilishuka kwa miezi minane, “sharply” nalo liondoe, uweke “steadily”.